Madam wa Rongai na Kiganja cha Daktari Salim

Wiki niliyoaga kliniki ya mifugo, Daktari Kevin, ambaye mpaka leo namwita Kevo hata mbele ya wateja, alinisimamisha mlangoni akaniambia, "Doki, hizo story zako za sungura utuandikie. Ukienda nazo nyumbani zitapotea." Nilimjibu kwamba naenda Dundori kulima viazi, siendi kaburini, na simu yangu itakuwa na chaji. Lakini viazi vimeshapandwa, mvua inanyesha, na nimegundua kwamba mtu aliyezoea kuamka na ng'ombe wa watu haachi kuamka eti kwa sababu amestaafu. Basi naandika.

Sitaeleza nilipandishwa cheo lini. Ukutani pale mapokezi kuna picha zangu za miaka mbalimbali, na unene wa mashavu unaeleza yote. Nitawaeleza jinsi nilivyofundishwa kutia ganzi mguu wa mbele wa sungura. Najua mnaifanya kazi hiyo sasa mkitazama neva kwenye skrini kama watu wanaotazama mpira. Hainiumizi roho. Inaniumiza kidogo tu.

Siku yangu ya kwanza nilifika na gambuti mpya. Kliniki ilikuwa palepale ilipo sasa, nyuma ya maghala ya nafaka, ila wakati ule ilikuwa na vyumba vichache na bati lililokuwa likisema jambo lake upepo ukivuma. Nilijiandaa kwa ng'ombe. Nilikuwa nimekulia Dundori, nikijua ng'ombe anavyonuka akiwa na homa, na nilitaka daktari mwenye kliniki anione nikiingiza mkono mpaka begani. Daktari Salim alinitazama gambuti, akanikabidhi sungura.

Wengi wenu hamkumkuta Daktari Salim. Wazee wake walitoka Pwani zamani wakaja Nakuru na kazi ya reli, naye akazaliwa hapahapa mjini, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mimi nilikuwa nasema "sungura ingine" naye anashika kifua kama mtu aliyepatwa na maradhi. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, safi siku zote, na hakuwahi kupandisha sauti. Hakuhitaji.

"Chuoni mlisoma nini kuhusu sungura?" akaniuliza.

"Ukurasa mmoja, Daktari."

"Ulikuwa ukurasa mzuri?"

"Ulikuwa na picha."

Akatikisa kichwa, akaniacha na yule mnyama. Nilimshika ngozi ya shingo nikamwinua kama paka. Alinipiga teke la miguu ya nyuma, akanichora mkono kuanzia kiwiko mpaka saa. Daktari Salim alikuja, akaweka kiganja chini ya makalio ya sungura, akamlaza kifuani kwake, na sungura akatulia kana kwamba ni mimi niliyekuwa na tabia mbaya. Akanieleza kwamba mifupa ya sungura ni mepesi na misuli yake ya nyuma ina nguvu mno, hata akirusha teke bila kushikiliwa nyuma anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. "Ng'ombe akikasirika atakuvunja wewe," alisema. "Huyu atajivunja yeye, halafu utakuwa na kazi ya kumweleza mwenyewe."

Jioni mama yangu aliniuliza nimetibu nini siku yangu ya kwanza ya udaktari. Nikamwambia sungura. Akaniuliza kama nimekula.

Somo la neva lilianza wiki zilizofuata. Wafugaji walipoleta sungura aliyekwisha kufa, wakitaka kujua kilichomwua, Daktari Salim akishamaliza kuwapa jibu alikuwa akiwaomba ruhusa abaki naye. Tulikuwa tukimlaza kwenye sinia ya bati, tunafungua kwapa, tunasogeza misuli ya kifua taratibu kwa ncha ya mkasi uliofungwa. Mle ndani mna nyuzi nyeupe, nyembamba, zinazong'aa kidogo. Zinatoka kwenye pingili za mwisho za shingo na pingili ya kwanza ya mgongo, zinapita kati ya misuli, zinakutana na kupeana mkono, halafu zinauzunguka mshipa wa damu wa kwapani na kuachana, kila moja na njia yake.

Alinunua nyuzi za sufu za rangi kwa akina mama wanaofuma sweta, akawa ananipa mtihani. Neva nene kuliko zote alitaka ifungwe sufu nyekundu. Hiyo ni radiali. Inazunguka nyuma ya mfupa wa juu, inashuka mbele, na kazi yake ni kunyoosha kiwiko na kuinua kiganja. Ya kijani ni ile inayokunja kiwiko. Za manjano na buluu, mediani na alna, zinashuka pamoja upande wa ndani kama wanafunzi wa kike waliotoka shule moja, mpaka vidoleni. "Alna unaijua," akaniambia. "Ndiyo ile ukigonga kiwiko kwenye meza unaona nyota." Na radiali je? Akasema radiali huwa inajulikana na walevi. Mtu akilewa Jumamosi, akalala kwenye benchi mkono umening'inia juu ya egemeo, Jumapili anaamka kiganja kimelala. Anaenda kanisani akidhani amerogwa.

Alikuwa na sababu ya kunitesa na sufu. Kumlaza sungura kwa nusukaputi ni jambo la kuogopwa. Anapumua kwa pua tu, koo lake ni jembamba, na anaweza kukutoroka mezani bila kukuaga. Lakini ukiujua mguu, unaweza kutia ganzi zile nyuzi kwapani, mguu wote chini ya bega ukalala, na mwenyewe akabaki macho akipumua kwa raha zake. Tatizo ni ujirani. Ukienda ndani kupita kiasi unatoboa kifua. Ukipanda kuelekea shingoni, dawa inaweza kuifikia neva ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, na sungura anapumua kwa kiwambo kuliko kwa mbavu. Kwa hiyo ni upande mmoja tu, kamwe si pande zote mbili, na dawa kidogo, kwa sababu mwili wenyewe ni mdogo. "Sungura si mbwa aliyefuliwa akarudi kama kitambaa," alikuwa akisema. Kwa mwaka na zaidi yeye ndiye aliyekuwa akichoma sindano, mimi nikishika taulo.

Halafu ng'ombe wa Dundori akamvunja mkono.

Ilikuwa msimu wa mvua, boma la jirani ya nyumbani kwetu, ng'ombe mkubwa wa maziwa aliyekuwa na jipu kwenye kiwele. Tulikuwa tumemwingiza katikati ya mbao. Daktari Salim alipitisha mkono wa kulia kati ya nguzo kumpapasa, na ng'ombe akaegemea. Hakupiga teke wala hakuruka. Aliegemea tu, kama mtu aliyechoka, na nikasikia mfupa wa juu wa mkono ukilia.

Nilimweka kwenye pikapu tukaanza kushuka kwenda mjini. Njia nzima hakulalamika. Tulipofika kwenye lami akasema, "Nyokabi, simamisha kidogo. Niguse nyuma ya kiganja, hapo kati ya gumba na kidole cha shahada."

Nikamgusa.

"Umeshagusa?"

"Nimegusa, Daktari. Bado nagusa."

Akajaribu kuinua kiganja. Vidole vilijikunja, lakini kiganja kilibaki kinaning'inia kama glavu iliyoanikwa. Alikitazama kitambo. "Radiali," akasema, kama mtu aliyekutana na jamaa yake mahali asipotarajia. Nikawasha gari.

Hospitalini walimfunga plasta, wakamwambia mfupa utaunga, na neva huenda imeminywa tu bila kukatika. Itarudi, au haitarudi. Itachukua miezi. Yeye alikuwa akiwaambia wagonjwa wetu maneno hayohayo, sasa akaonja ladha yake.

Alirudi kazini mkono ukiwa bado na plasta, umening'inizwa shingoni. Alisema kukaa nyumbani ni kuwapa shemeji zake nafasi ya kumletea mafuta ya nyonyo. Plasta ilipotolewa kiganja kilikuwa kilekile. Alijifunza kuandika kwa kushoto, mwandiko ukawa kama wa kuku, nami nikamsifu kwamba sasa anaandika kama daktari wa kweli. Alicheka. Alikuwa akicheka sana siku zile, lakini kuna jambo moja lililonionyesha hali yake. Tangu zamani tulikuwa tukila pamoja mchana kwenye meza ya nyuma, ugali na chochote, kwa mikono. Sasa kila mchana alikuwa amefunga. Alifunga Jumatatu, akafunga Alhamisi, na hizo najua zina thawabu. Alipofunga Jumanne, na Jumatano, na Jumamosi, nikajua si dini peke yake. Kwake mkono wa kula ni wa kulia, na wa kulia haukuwa ukifika mdomoni bila kumwaga. Hakutaka kuonekana. Na mimi sikuuliza. Nikawa nakula chakula changu jikoni, nimesimama.

Ni wakati huohuo alipokuja Sajini Rono.

Alikuwa mwanajeshi mstaafu, aliyetumika miaka mingi Gilgil, sasa analima mahindi Rongai. Mtu mrefu, mabega kama mlango. Aliingia mapokezi na koti zito la jeshi limevimba kifuani, akasimama wima.

"Daktari yuko?"

"Ndiye mimi."

"Naulizia yule mzee."

"Mzee yuko, lakini mkono wake hauko kazini."

Alifikiri, kisha akafungua vifungo vya koti. Ndani mlikuwa na sungura jike wa kijivu, mkubwa, macho yamemtoka. Mguu wa mbele wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa cha mezani chenye maua, na damu.

"Huyu ni Madam," akasema. "Si wangu. Ni wa Mama Chebet, bibi yangu. Nilifungua kibanda nimpe sukumawiki, upepo ukaupiga mlango ukambana mkono."

"Mguu," Daktari Salim alisema kutoka chumba cha ndani. "Mguu wa mbele."

"Sawa, Daktari. Lakini Mama huita mkono."

"Basi ni mkono."

Akatueleza mengine huku anatazama viatu vyake. Mama Chebet alikuwa hospitalini hapo mjini, ameanguka, amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Alikuwa na ukoo wa sungura aliokuwa ameujenga kwa miaka, wakubwa, wa kijivu, watu wakija kuchukua mbegu mpaka kutoka Molo. Mwaka ule ugonjwa ulipita ukawafagia. Akabaki Madam peke yake. Siku anaingia hospitalini, Mama Chebet hakumwambia mumewe habari za ng'ombe wala shamba. Alimwambia, angalia Madam.

"Anatoka lini?" nikamuuliza.

"Wiki hii. Kila siku nikienda kumwona ananiuliza Madam anaendeleaje. Leo bado sijaenda."

Nilifungua kitambaa. Vidole viwili vya nje vilikuwa vimesagika kabisa, ngozi imechanika mpaka karibu na kiganja. Mguu ungepona, lakini vile viwili vilikuwa vya kuondolewa, na kidonda kusafishwa na kushonwa. Kazi ya kawaida, kwa sungura wa kulaza. Kisha nikatazama mguu wa pili, ule mzima. Manyoya ya upande wa ndani yalikuwa yameshikana, yamekauka kama yaliyopakwa uji. Hapo mjifunze, kwa sababu skrini haitawaonyesha: sungura mwenye mafua anajifuta pua kwa mikono kama mtoto. Nikaweka stetoskopu. Kifuani mlikuwa na mkwaruzo, na pua moja ilikuwa imeziba. Kumpa nusukaputi mnyama anayepumua kwa pua, na pua yenyewe ni moja, ni kumwambia kwaheri.

Nilikwenda chumba cha ndani. Daktari Salim alikuwa ameketi, kiganja chake kimelala juu ya goti.

"Ana mafua," nikamwambia.

"Nimemsikia akipiga chafya."

"Haiwezekani kumlaza."

"Haiwezekani."

"Na wewe..."

"Mimi na kushoto? Nitamchoma Sajini." Akasimama, akachukua kigoda kwa mkono wake mzima, akatangulia chumba cha upasuaji. "Osha mikono, Nyokabi."

Sajini aliitwa amshike. Nilianza kumfafanulia kwamba Madam atakuwa macho, mguu tu ndio utalala. Akanikatiza. "Naelewa. Mama pia walimchoma mgongoni. Anasema alikuwa anawasikia wakigonga mfupa kama mafundi wa mbao, huku anamuuliza nesi kwao ni wapi."

Nikampa Madam dawa kidogo ya kumtuliza, nikamfunga taulo mwili mzima, ubavu wa kushoto chini, mguu mbovu pekee ukiwa nje. Sikumlaza chali. Kuna watu bado wanasema sungura akilazwa chali analala. Halali, ameogopa kiasi cha kushindwa kutikisika, na atakayenibishia aje Dundori. Nikanyoa mbele ya bega, nikapaka dawa. Daktari Salim akaweka kigoda chake nyuma yangu, mahali ambapo nisingeweza kumwona uso.

"Uko wapi?" akaniuliza.

"Nimeshika ncha ya bega. Kidole cha pili kiko kwenye ubavu wa kwanza."

"Na katikati?"

"Mshipa wa damu. Nausikia."

Ulikuwa ukipiga kama cherehani ya fundi aliyechelewesha sare za shule. Nikaingiza sindano mbele ya bega, upande wa ndani wa mfupa bapa wa bega, nikiilaza sambamba na kifua, ncha ikielekea nyuma, si ndani. Nikavuta bomba kidogo, kama nilivyofundishwa, kabla ya kusukuma chochote. Uzi wa damu ukapanda ndani ya bomba.

Ningesukuma dawa ile ndani ya damu, mwili mdogo namna ile, moyo ungesimama mbele ya Sajini. Nikaitoa sindano, nikakandamiza kidole.

"Umepata damu," alisema Daktari Salim.

"Nimepata."

"Vizuri."

"Vizuri namna gani, Daktari?"

"Neva zimeuzunguka mshipa huo. Umeshafika nyumbani kwao, umeingia tu mlango wa jirani. Kandamiza mpaka ikome. Halafu anza upya, juu kidogo."

Nilikandamiza. Sajini alikuwa akitazama kalenda ya dawa za minyoo iliyokuwa ukutani, anaisoma kwa bidii kama Maandiko. Damu ilipokoma nilichukua sindano mpya, nikaingia tena, nikavuta. Hakuna damu, hakuna hewa. Nikasukuma kidogo, nikavuta tena, nikasukuma kidogo. Nilitamani Daktari Salim aseme kitu, hata kama ni kunisahihisha ngeli.

Kisha tukangoja, na huko kungoja ndiko ninyi vijana mnakokuharakisha. Sajini akawa anamsemesha Madam kwa Kikalenjin, sauti ya chini ambayo sidhani aliitumia kambini. Nilipoona muda umetosha nikapitisha koleo chini ya taulo, nikabana kidole cha mguu mzima. Madam akauvuta. Nikabana kidole cha mguu mbovu. Hakuuvuta. Nikauinua, nikauachia. Kiganja kikaanguka, kikaning'inia.

Sikukusudia kugeuka, lakini niligeuka. Daktari Salim alikuwa ameinama mbele, kiwiko kwenye goti, na kiganja chake kilikuwa kikining'inia vilevile, pembe ileile. Sajini naye akaona. Akatazama mguu wa Madam, akatazama mkono wa daktari, akarudisha macho kwenye kalenda.

"Sasa tuko wawili," alisema Daktari Salim, na akaanza kucheka mabega yakimtikisika, mpaka nami nikacheka. "Kata, Nyokabi. Mwenzangu ana bahati, wake utaamka leoleo."

Nilikata. Niliondoa vidole viwili, nikasafisha, nikaanza kushona. Madam alikuwa akitikisa pua, anatazama mbele kama mama aliye kwenye foleni ya benki. Katikati ya kushona, pumzi zake zikabadilika. Zilikuwa fupi, za haraka, na masikio yakalala. Nikaona giza. Nilijua nimepanda sana, dawa imefika kwenye neva ya kiwambo, nimemziba pumzi.

"Daktari, hapumui vizuri."

"Tazama tumbo. Linafanya nini?"

Nilitazama. Chini ya taulo tumbo lilikuwa likipanda na kushuka, imara kabisa.

"Linacheza."

"Basi kiwambo ni kizima. Sasa tazama kifua."

Kifuani palikuwa na mikono miwili ya Sajini Rono, vidole vimefungana, vinamminya Madam kama mtu anayezuia gunia lisimwagike.

"Sajini," alisema Daktari Salim kwa upole, "amekamatika. Unaweza kumlegeza."

Akalegeza. Madam akavuta pumzi ndefu, na Sajini akavuta ndefu zaidi. Kijasho kilikuwa kikimtiririka. Nilimuuliza jeshini alikuwa kitengo gani. Akanijibu alikuwa jikoni.

Hatukumruhusu aende mpaka Madam ale. Utumbo wa sungura ukisimama ndio mwanzo wa msiba mwingine. Tukamweka kwenye boksi lenye majani makavu, sisi watu wazima watatu tukalizunguka tukimtazama mdomo. Mguu ulianza kurudi polepole. Kwanza akawa anaukanyagia kwa mgongo wa kiganja, kisha akaugeuza, akausimamisha. Nikamchoma dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha yote. Daktari Salim alikuwa amepiga magoti karibu na boksi. Madam alipousimamisha ule mguu, daktari akasema polepole, "Hongera," na hakuwa akitania. Baadaye kidogo Madam akavuta jani, akatafuna. Sajini akatoka nje, akakaa huko kitambo, akarudi macho mekundu, akatuambia kuna vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Alimpeleka Rongai akiwa amebandikwa bandeji ya kijani, na jioni hiyo alikwenda hospitalini akamweleza mkewe kila kitu. Najua alieleza kila kitu, kwa sababu asubuhi yake simu ya kliniki ililia, na sauti ya mwanamke aliye kitandani ilitaka kusema na "huyo msichana aliyemkata Madam vidole." Aliniuliza maswali ambayo hata chuoni hawakuniuliza. Mwishoni akasema, "Haya," akakata simu.

Miezi ikapita. Madam akapona, akaletewa dume kutoka Molo, akashika mimba, akazaa watoto wengi wa kijivu, na ukoo ukaanza tena. Daktari Salim akaendelea kufunga mchana. Kila asubuhi nilimwona dirishani, kabla ya wateja, mkono ameuweka juu ya meza akiuamrisha uinuke. Ukimkuta alikuwa anajifanya anatafuta kalamu.

Siku moja ya Jumatano, mchana, Sajini Rono alisimamisha gari mlangoni. Akashuka mama mfupi mwenye mkongojo, kitenge na sweta, akaingia akitazama kila pembe kama mkaguzi. Nyuma yake Sajini alikuwa amebeba sufuria iliyofungwa kitambaa cha mezani chenye maua.

"Ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Nilidhani wewe ni mkubwa." Akaketi kwenye meza ya nyuma bila kuonyeshwa, akafungua sufuria. Mchuzi ulikuwa umekolea, na juu yake sahani ya ugali. Harufu ilitujaa puani. Nikatazama vipande vya nyama. Sajini akaona ninavyotazama.

"Si Madam," akasema haraka.

"Ni kijana wake," alisema Mama Chebet. "Madume yamezidi. Sungura ni wa kula, daktari, ama mlidhani nafuga maua?" Kisha akamgeukia Daktari Salim aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na wewe usiwe na wasiwasi. Nilimpeleka kwa kijana wa Kiislamu wa buchari pale Rongai, akamchinja yeye. Karibu."

"Ahsante sana, Mama," alisema Daktari Salim. "Ila mimi nimefunga."

Mama Chebet alimtazama. Akautazama mkono, ulivyokaa pembeni mwa mwili. Akauegemeza mkongojo wake ukutani.

"Mimi nilipelekwa chooni nimeshikwa na watu wawili," akasema. "Mmoja alikuwa mkwe wangu. Keti ule."

Sajini alipata kalenda ya kusoma hata huku. Mimi nilichukua jagi la maji na beseni, nikaanza kwa Mama Chebet, nikaenda kwa Sajini. Nilipofika kwa Daktari Salim nilingoja. Alikuwa bado mlangoni. Baadaye akavuta kigoda, akaketi, akakunja mkono wa shati kwa kushoto. Nikammwagia maji.

Alisema bismillah, akanyoosha mkono wa kulia. Akamega ugali. Kiganja kilikuwa chini, kama kawaida yake, na nikaona ameanza kuinamisha kichwa kukifuata. Halafu kiganja kikanyanyuka. Kidogo tu, kama kichwa cha mtu aliyeitwa akiwa usingizini, kikatetemeka, kikakaa. Akafinyanga tonge, akalichovya, akalifikisha.

Nilikuwa na maneno mengi. Sajini alifungua mdomo, na Mama Chebet akamkanyaga mguu chini ya meza kwa ule mzima wake.

"Chumvi inatosha?" akauliza.

"Inatosha, Mama," alisema Daktari Salim, akamega tena.

Alikula taratibu mpaka akashiba, na sote tuliinamia sahani zetu.